Kiti cha Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kifupi kisicho na mgongo, nikaambiwa nikae kati ya Bwana Mganga Mkuu na mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mkalimani wa hospitali: kukaa katikati. Ilikuwa mjini Tabora, zama za Mwingereza, nami nilikuwa kijana niliyetoka Tura na suruali moja ya heshima na Kiswahili cha shule ya misheni. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo jina halitawasaidia kitu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka Ipole, ameletwa na mama mkwe wake. Bwana Mganga Mkuu, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni, aliniambia, "Uliza yeye, iko uma wapi?" Nikauliza kwa Kinyamwezi. Mama akasema kichwa. Nikatafsiri. Akaja wa pili, mzee mmoja mrina asali, akasema kichwa. Aliyemfuata naye kichwa. Bwana Kiko akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Kichwa, kichwa, kichwa! Tabora yote iko na kichwa? Wewe iko fanya kazi gani hapa?"

Nilidhani nimefukuzwa kazi kabla hata ya chakula cha mchana. Lakini mzungu yule, pamoja na Kiswahili chake cha kuokoteza, alikuwa mtu wa kusubiri. Alimrudisha yule mama wa Ipole, akamwomba mama mkwe akachote maji kwenye mtungi ulioko ng'ambo ya ua, kisha akawasha kiko chake akanyamaza. Nami nikanyamaza. Mama akatazama mlango, akatazama sakafu, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mimba ilikuwa imemtoka, kwamba sasa anatokwa na uchafu wenye harufu, na kwamba mbele ya mkwe wake asingelitaja jambo hilo hata kama angekuwa anakata roho. Nikatafsiri kila neno. Bwana Kiko akaitikia kwa kichwa.

"Sasa iko kazi," akasema.

Nyinyi vijana mnaosomea uganga leo mnafundishwa kwamba kabla ya kumpima mgonjwa lazima upate historia ya ugonjwa, yaani hadithi nzima tangu ulipoanza hadi mgonjwa alipofika mbele yako. Sisi tulijifunza jambo hilo bila kulipa jina. Kichwa kilikuwa namna ya kubisha hodi tu. Mtu wa kwetu hataji ugonjwa wake kwa mgeni papo hapo, anataja kitu chochote chenye heshima, halafu anangoja aone kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Ukiandika kichwa na kumpa vidonge, atavipokea kwa mikono miwili, atakushukuru, ataenda zake na ugonjwa wake.

Baada ya miaka michache nilifundishwa udresa. Dresa ndiye aliyekuwa akisafisha vidonda, akifunga bandeji, akichoma sindano na kugawa dawa ndogondogo mahali ambapo hakuna daktari. Nikapelekwa kwenye zahanati ya Tura, kwetu, kituo cha reli mashariki ya Tabora. Msimamizi wa pale alikuwa Dresa Mkuu, Mhaya mmoja safi sana, mwenye adabu zake na miwani yake. Kwa kazi ya mikono sikupata kumwona mtu hodari zaidi. Kwa maneno alikuwa mkavu.

Siku moja aliletwa kibarua wa reli, mtu mfupi mpana, jina lake Pazi. Alikuwa anatembea amepanua miguu. Dresa Mkuu akamuuliza kwa adabu zote anaumwa nini. Pazi akasema kichwa. Akamuuliza tena, tangu lini, upande gani, kinauma asubuhi au jioni. Pazi akajibu yote, akipanga uongo wake vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nachemsha sindano pembeni. Nikasikia lafudhi yake, nikajua huyu ni Mzaramo wa kutoka pwani, na Mzaramo ni mtani wangu.

Nikageuka nikamwambia, "Wewe mla nazi, kichwa gani hicho kinachokufanya utembee kama bata? Umeokota nini huko kwenye ngoma zenu?"

Pazi akanitazama kuanzia miguuni. Uso ukamfunguka. "Alaa! Kumbe humu ndani kuna punda wa Kinyamwezi? Mbona hukuniambia mapema, nimekaa hapa naumbuka mbele ya watu wenye heshima zao!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko hicho akaniambia kila kitu: kisonono, alikipata wapi, amekificha muda gani, na dawa gani za mizizi amekwisha kunywa. Dresa Mkuu alivua miwani akaipangusa. Tukamtibu Pazi, akapona, na kuanzia siku hiyo hakupita Tura bila kunitukana.

Wapo watakaosoma haya wakidhani utani ni mzaha tu wa vijana. Baba yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani katika ujana wake, akipita nchi za watu, na Uzaramo ilikuwa mlango wa mwisho kabla ya bahari. Alinieleza kwamba njiani watu hugombana kwanza, halafu huchoka kugombana, halafu mmoja huanguka kwa homa na mwingine humzika. Waliozikana hivyo wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akachukua kuku wako uani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifia kwake, kukusitiri ni juu yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwonea haya.

Nilihamishiwa Ipole, kwenye zahanati ya serikali ya wenyeji, nikakaa huko na warina asali na wakulima wa tumbaku, nikazidi kuona jambo lile lile. Mahali palipokuwa na aibu, mtani alipita. Bwana Kiko alikuwa akija kukagua. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akavuta kiko na kusikiliza. Safari yake ya mwisho kabla ya kurudi Ulaya aliniambia, "Mimi hapana jua Kiswahili mzuri. Lakini mimi iko sikia. Wewe kwenda Tabora, fundisha hawa vijana sikia." Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mwalimu Kasele. Sikuomba cheo hicho, lakini nilikipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa na serikali.

Somo langu liliitwa Mazungumzo na Mgonjwa. Madresa wanafunzi walifika wamebeba madaftari, nami niliwaambia wayaweke chini. Niliwafundisha kukaa chini kidogo kuliko mgonjwa, si juu yake. Niliwafundisha kuangalia nani amemleta, na kama ni mkwe, wamtafutie kazi ya heshima ya kumtoa chumbani, siyo kumfukuza. Niliwafundisha kuuliza habari za njiani na shambani kabla ya habari za mwili, na kutazama mikono ya mgonjwa iko wapi wakati mdomo unasema mengine. Na kila asubuhi tulihesabu makabila yaliyopo darasani, ili akija mgonjwa mwenye ugonjwa wa aibu tujue nani mtani wake, akakae kwenye kile kiti kifupi. Wanafunzi wenyewe ndio waliokiita kiti cha mtani.

Pazi wakati huo alikuwa amehamishiwa stesheni ya Tabora, kazi yake kubadilisha njia za treni. Siku zake za mapumziko alikuja darasani kwangu kuigiza mgonjwa. Sikuwahi kumlipa chochote zaidi ya chai na matusi. Aliigiza mwenye malale, mwenye minyoo, mzee aliyekosana na wake zake. Mwanafunzi akiuliza vibaya, Pazi alimpeleka mbali kabisa na ugonjwa, na darasa zima likaangua kicheko. Aliyepelekwa mbali kuliko wote alikuwa Stefano, kijana wa Sikonge, msomi, mwepesi wa kushika. Alimhoji Pazi kwa muda mrefu akatoa jibu kwamba mgonjwa ana homa ya mapafu. Pazi akasimama, akaonyesha mwiba aliokuwa ameubana chini ya unyayo muda wote ule: huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Tulicheka mpaka machozi. Stefano hakucheka. Niliona, nikadhani yatapita.

Halafu akaja Bwana Mganga Mkuu mpya. Huyu tulimwita Bwana Saa, maana aliitoa mfukoni kila mtu alipofungua mdomo. Kiswahili alikijua. Alikisoma vitabuni, akafanya mtihani akafaulu, akasema vizuri kuliko makarani wetu. Wala hakuwa mtu mbaya kazini. Alisafisha wodi, alipiga marufuku visu visivyochemshwa, na mkono wake katika upasuaji ulikuwa mwepesi ajabu. Waliopona kwa mikono yake ni wengi na mimi si mtu wa kuwakana. Lakini Bwana Kiko hakujua Kiswahili, kwa hiyo alilazimika kusikiliza. Huyu alikijua, akaona hana haja.

Wiki yake ya kwanza aliniita. "Mwalimu, katika chumba cha kuwahojia wagonjwa nimesikia kicheko. Ni nani aliyekuwa akicheka?"

"Mgonjwa, bwana."

"Mgonjwa anacheka?"

"Ndiyo, bwana. Akicheka ndipo anaposema."

"Hospitali si kilabu cha pombe," akasema, akatazama saa yake.

Siku ile niliponea chupuchupu. Kilichonimaliza kilitoka kwetu wenyewe. Mwanafunzi mmoja, Mnyamwezi wa Nzega, alimhoji karani mmoja wa Kizaramo kwa njia ya utani, akapata ukweli wote kuhusu ugonjwa wake wa siri, akamtibu vizuri. Jioni ile ile akamkuta yule karani sokoni, amesimama na baba mkwe wake, na yeye akauendeleza utani pale pale alipouachia hospitalini. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kwa watu wa kwetu utani hauna mlango, ukianza ndani unaendelea nje. Lakini karani alirudi nyumbani hana mke, na asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Bwana Saa.

Niliitwa. Stefano alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bwana Saa, maana wakati huo alikuwa amekwisha kufanywa dresa wa daraja la kwanza.

"Siri ya mgonjwa imetembea sokoni," akasema Bwana Saa. "Unakubali?"

"Nakubali, bwana. Ni kosa kubwa. Tuwafundishe madresa kufunga midomo wakitoka chumbani. Tusiwafunge midomo wagonjwa."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

"Basi kuanzia kesho utakuwa stoo."

Stefano akakohoa, akasema kwa heshima, "Samahani, Mwalimu, lakini utani ni mambo ya njiani, ya wapagazi. Sisi ni wataalamu." Alisema wapagazi huku akijua baba yangu alikuwa nani. Na baba yake mwenyewe alikuwa nani? Nilikwenda kuchukua koti langu.

Somo likawa la Stefano. Bwana Saa alitunga maswali kwa mpangilio maalum, kichwa kwanza, kifua, tumbo, haja ndogo, haja kubwa, homa, na wanafunzi wakayakariri kama katekisimu. Hakuna kuruka, hakuna kuongeza, hakuna kucheka. Mgonjwa naye alitakiwa kujibu ndiyo au hapana. Nilikuwa nawasikia kutoka stoo, wakiimba maswali kwa pamoja. Kile kiti kifupi kililetwa kwangu stoo, nikakitumia kufikia rafu za juu. Nina uchungu juu ya jambo hili hadi leo, na sioni sababu ya kuuficha kwa kuwa nimezeeka.

Stoo ilikuwa na dirisha dogo. Mhudumu alikuja, akataja dawa, mimi nikapima nikatoa. Amri mojawapo ya Bwana Saa ilikuwa kwamba mtu wa stoo asiulize dawa ni ya nani, maana huko nako siri ingeweza kuvuja. Asubuhi moja mhudumu alikuja akasema, "Haluli, ya mgonjwa wa tumbo." Haluli ni chumvi ya kuharisha, ilikuwa dawa ya kila siku. Nikapima, nikakoroga kwenye maji, nikampa chupa. Akaondoka nayo.

Mgonjwa huyo alikuwa Pazi.

Yaliyotokea kwenye chumba cha kuhojia niliyapata baadaye kwa mkewe, Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa ubavuni kwake. Pazi alikuwa na ngiri, yaani utumbo uliotoka mahali pake ukashukia kwenye kinena. Alikuwa nayo siku nyingi na aliirudisha mwenyewe kwa mkono. Safari hii ilikataa kurudi. Ngiri ikikataa kurudi hujinyonga, damu haipiti tena, utumbo unaanza kufa ukiwa ndani ya mtu mzima. Ni ugonjwa wa kisu, na wa haraka. Kisu kilikuwepo, katika jengo lile lile, na mwenye kisu alikuwa bingwa. Aliyehitajika ni mtu wa kumwambia tu.

Pazi alipoingia akamkuta Stefano. Ukiacha kabila, Stefano alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. Mzee yule atamtajia mtoto wa watu habari za kinena chake, na mkewe amekaa pale? Hata hivyo Stefano ni Mnyamwezi, naye Pazi alijaribu mlango aliouzoea.

"Punda mdogo wewe, njoo unibebe, safari imenishinda," akasema, jasho linamtoka.

"Mzee Pazi, leo hunichezei tena," akajibu Stefano. "Jibu swali. Kichwa kinauma?"

"Niitie basi yule punda mkubwa. Mwalimu Kasele."

"Mwalimu hahoji wagonjwa siku hizi. Kichwa kinauma?"

Hapo Pazi akaacha utani. Kichwa hapana. Kifua hapana. Tumbo ndiyo. Haja kubwa imefunga, ndiyo. Aliulizwa maswali yote kwa mpangilio wake, akajibu yote kwa ukweli, na muda wote huo alikuwa ameshika msuli aliojifunga kiunoni, ile shuka yake ya pwani, kwa mikono miwili chini ya kitovu. Stefano aliona tumbo na choo kufunga, akaagiza haluli. Na kuna lililo baya zaidi: alidhani mzee anamwigizia tena kama siku ya mwiba, akapania asichekwe mara ya pili. Alikuja kuniambia hivyo mwenyewe, akilia, miaka mingi baadaye. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Sikumfariji.

Kesho yake Pazi alirudishwa amebebwa kwenye machela. Bwana Saa alimfunua, akaona, akaita maji ya moto na kisu kabla machela haijawekwa chini. Alijitahidi, sitamsingizia. Utumbo ulikuwa umekwisha kuoza na haluli, kwa kuusukuma ukiwa umenyongwa, ilikuwa imemaliza kazi. Pazi hakuamka. Bwana Saa alitoka na mikono yake bado imelowa, akanikuta nimesimama kwenye baraza, maana habari zilikuwa zimefika stoo.

"Kwa nini hakusema?" akaniuliza. Aliuliza kwa kutaka kujua kweli.

"Hakuulizwa, bwana."

"Aliulizwa. Maswali yote."

Na ni kweli, aliulizwa yote.

Mazishi yalikuwa mtaa wa Ng'ambo. Pazi alikuwa Mwislamu, mimi Mmoravian, lakini msibani mtani haulizwi dini. Kwa desturi, Mzaramo akifa, watani wake Wanyamwezi huja na kuvaa nguo zake, wakamwigiza, wakazuia jeneza lisitoke mpaka waridhike, na wafiwa hucheka na kulia kwa wakati mmoja. Watu walikuwa wananingoja mimi. Nilitamani nirudi nyumbani nikafunge mlango. Bi Mwanahawa akaniletea kofia ya reli ya Pazi, akanipa mkononi.

Nikaivaa. Nikafunga msuli wake kiunoni. Nikatembea uani nimepanua miguu, watu wakaanza kucheka, maana walimtambua. Ndipo nikamwona Stefano amesimama kati ya Wanyamwezi wenzake, amekuja kwa wajibu. Nikajilaza mkekani, nikashika msuli kwa mikono miwili chini ya kitovu, nikaita, "Daktari! Njoo uniulize."

Hakuwa na pa kwenda. Mtani hakasiriki msibani, na yeye alikuwa Mnyamwezi mbele ya Wanyamwezi. Akasogea. Nikamwambia, "Uliza kama ulivyoniuliza."

"Mwalimu, tafadhali," akanong'ona.

"Mwalimu hahoji wagonjwa siku hizi. Uliza."

Akaanza. Kichwa kinauma? Nikasema hapana kwa sauti ya Pazi. Kifua? Hapana. Watu walicheka mwanzoni. Nami kila nikijibu nilizidi kuukaza ule msuli, nikijikunja zaidi, na Stefano akiendelea na maswali yake kwa mpangilio kwa sababu hakujua kitu kingine cha kusema. Wanawake ndio walionyamaza kwanza. Kisha ua wote. Swali la homa lilipopita hakuna aliyekuwa anacheka.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza," akasema.

"Basi nimekufa," nikasema, nikalaza kofia usoni.

Nilipoiondoa, Stefano alikuwa amekaa chini vumbini na mikono yake kichwani. Nilifurahi kumwona hivyo. Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha, na sikufundisha tena baada ya hapo.

Mtasema lazima mambo yalibadilika. Hayakubadilika. Bwana Saa alipandishwa cheo akahamia Dar es Salaam. Aliyemfuata, Bwana Mganga Mkuu mwingine ambaye hatukuwahi hata kumpa jina, aliyakuta maswali yamebandikwa ukutani akaona ni kazi nzuri, akayaacha. Stefano alifundisha mpaka akawa Mkufunzi Mkuu. Mimi nilibaki stoo hadi nilipostaafu, kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Siku ya kuagwa nilipewa chai, keki na sifa za kutopoteza chupa hata moja. Nikauliza kama naweza kuchukua kile kiti kifupi. Karani akasema ni mali ya serikali.

Nikarudi Tura. Nina mizinga yangu ya nyuki na shamba la karanga. Vijana wa uganga hupita mara moja moja, waungwana kabisa, wananiuliza zamani tulifanyaje. Nawaeleza. Wanaandika. Nikiwaangalia wanavyoandika bila kuinua macho najua wataondoka na maneno yangu tu, na nimeacha kuwasema.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Lakini msimu mmoja wa mvua, nikiwa nimestaafu tayari, treni ya kutoka pwani ilisimama hapa stesheni, nikasikia naitwa dirishani, "Shemeji! Shemeji Kasele!" Alikuwa Bi Mwanahawa. Alikuwa amerudi kwao Uzaramo baada ya eda, sasa anakwenda Tabora kuwatazama watoto wake. Alinishushia nazi kwa dirishani, akacheka. "Mtani wako angekutupia kichwani," akasema. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto. Kisha akasema kuna neno alitaka siku zote aniambie, ili moyo wangu utulie, maana aliona nilivyoumia siku ile ya msiba.

"Usidhani alikufa akikulaumu," akasema. "Ile dawa kwanza aliikataa. Alisema yule mtoto hajanielewa, sinywi. Mhudumu akamwambia, mzee kunywa, imetoka dirishani kwa Mwalimu Kasele, kaipima kwa mkono wake mwenyewe. Basi uso wake ukabadilika, shemeji. Akaniambia, unaona, kumbe kasikia niko hapa. Akainywa yote, hakubakiza hata tone."

Filimbi ikalia. Nilimwambia asante, shemeji, nimefurahi kusikia. Akanipungia mkono mpaka treni ikakata kona.